Kwa nini tunatoza hata tusipobadilisha kifaa

Juzi mteja wetu mmoja wa Igoma, Mwanza, alinipigia simu akiwa amekasirika kweli. "Fundi wako amekuja hapa, kabonyeza kitufe cha riseti cha mashine, kasogeza feni, kaniandikia Sh 80,000. Hata skrubu moja hajabadilisha!" Nilimsikiliza mpaka akamaliza. Malalamiko ya namna hii tunayapata karibu kila mwezi, ndiyo maana leo nimekaa kuyajibu, kwake na kwa wengine wenye dukuduku kama lake.

Mashine yake ni ya kuyeyusha gundi ya kufungia katoni. Kwa wiki mbili, kila ikifika saa nane mchana inapiga alamu na pampu inasimama. Opareta anabonyeza riseti, kazi inaendelea dakika kumi, inasimama tena. Kabla ya kutuita walishauriwa na mtu wanunue bunduki mpya ya gundi, yaani kile kichwa kinachorusha gundi kwenye katoni, wakanunua, na tatizo likabaki palepale. Fundi wetu alifika asubuhi, akapima kila kitu, akakuta kizima. Angeweza kuondoka. Alikaa. Saa nane joto lilipozidi mle ndani, kijana wa zamu akawasha feni kubwa ya kusimama, na upepo wake ukawa unapiga moja kwa moja kwenye bunduki. Kwenye skrini namba ya joto ikaanza kushuka: 170, 165, 158, 149. Hita inasukuma, feni inapooza. Mashine ikaona haifikii joto lililowekwa, ikajizima kama ilivyotengenezwa kufanya. Kusogeza feni ni kazi ya sekunde tatu, lakini kujua kwamba ni feni kulituchukua siku nzima. Bunduki ile mpya waliyonunua bure ilikuwa na bei mara nyingi ya malipo yetu.

Riseti inafuta maandishi ya alamu, basi. Waya uliokatika unabaki umekatika. Mashine hizi zina tangi, mipira ya kupitisha gundi na bunduki, na kila sehemu ina hita yake na sensa yake, yaani kipima joto. Alamu inapotokea, skrini inakutajia sehemu gani na shida gani: joto limeshuka, limezidi, au sensa haisomi. Ukibonyeza kabla hujasoma, umefuta ushahidi. Tunafika tunaambiwa "ilikuwa inaandika kitu, sijui nini", tunaanza upya, na muda huo unaulipia wewe.

Kama mashine ina mipira miwili, kazi yetu ya kwanza huwa kuzima umeme na kubadilishana plagi zake. Alamu ikihamia upande wa pili, ubovu umo kwenye mpira au bunduki. Ikibaki palepale, tunafungua boksi la umeme. Halafu mita, ya kupima ukinzani wa umeme kwa omu. Sensa ya PT100, aina ambayo ukinzani wake unapanda kadiri joto linavyopanda, ikiwa baridi, kwa hali ya hewa yetu ya nyuzi 25 hivi, inasoma karibu omu 110; gundi ikifika nyuzi 180 inasoma karibu omu 168. Lakini kuna mipira inayodanganya. Imelala, inasoma vizuri. Fundi anaukunja taratibu karibu na shingo ya bunduki huku jicho liko kwenye mita, na pale pale namba zinaruka, zinapotea, zinarudi. Waya umekatika ndani kwa sababu mpira ulifungwa kwa kukunjwa sana. Hilo huwezi kulipata kwa haraka, na fundi anayekuharakisha atakuuzia kontrola nzima, yaani boksi linaloongoza joto.

Njia ya mkato inayoniuma zaidi niliikuta kwenye kiwanda kidogo cha maji ya chupa. Sensa ya tangi ilikufa, na kwa kuwa kifaa kilikuwa kinasubiriwa kutoka Dar, mtu akaunga rezista mbili, vipande vyenye ukinzani usiobadilika, mahali pa sensa, ya omu 150 na ya omu 15. Ukijumlisha ni 165, yaani mashine inaamini iko nyuzi 170 saa zote. Iliwekwa 175. Kwa hiyo hita haikupumzika hata dakika moja, na kizimio cha usalama cha joto nacho kilikuwa kimeungwa kwa kipande cha waya ili "kisisumbue". Tulipoitwa, moshi ulikuwa unaonekana kutoka getini. Ndani ya tangi gundi imekuwa nyeusi kama lami, imeganda kwenye kuta, imeziba chujio mpaka nozeli, yaani tundu la kutolea gundi. Tulikwangua siku mbili. Sensa waliyoikwepa ni kifaa kidogo kuliko kidole.

Wengine nozeli ikiziba wanapandisha joto. Gundi nyingi za katoni zinataka nyuzi 160 hadi 180. Ukienda 200 inaungua, masizi yanaziba zaidi, unapandisha tena. Wengine wanachoma mpira kwa moto wa gesi ili gundi ilainike, wakati ndani mna teflon na nyaya. Na tafadhalini, msifungue nozeli kabla ya kutoa presha. Gundi ya nyuzi 180 ikikurukia inang'ang'ania ngozi. Usiibandue: weka mkono kwenye maji ya baridi yanayotiririka, kisha nenda hospitali.

Kwa wenye viwanda karibu na ziwa nina ombi la pekee: fungeni mfuniko wa tangi usiku. Vile vijidudu vinavyofuata taa vinadondokea humo, vinaungua, na sisi tunavikuta kwenye chujio kama unga mweusi. Umeme pia uangaliwe. Ukishuka kutoka volti 230 hadi 190, hita ya wati 2,000 inatoa kama wati 1,360 tu, na mashine italalamika joto halipandi ilhali haina ubovu wowote.

Kuhusu bei: Sh 80,000 ni ya ukaguzi, tupate ubovu au tukute feni. Kifaa kikihitajika unakilipia peke yake na kile cha zamani tunakuachia mkononi. Wateja wa Sengerema na Geita tumewapunguzia nauli tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, kwa sababu hatupotezi tena muda kusubiri kivuko.

Mashine ikilia, piga picha ya skrini kabla hujagusa kitufe, andika saa, na uangalie ni nini kimewashwa karibu yake. Tutumie hiyo picha kwanza. Mteja wa Igoma siku hizi anafanya hivyo, na mwezi huu amemaliza tatizo moja kwa simu, bila kutulipa chochote.