Picha ya Jumamosi: Belley na mpira

Habari za jioni wanakikundi. Jumamosi tunajadili picha moja tu. Omar Victor Diop, mpiga picha Msenegali, alijipiga picha mwenyewe mwaka 2014 akiwa Jean-Baptiste Belley, yule aliyetoka utumwani akawa mbunge Ufaransa wakati wa Mapinduzi. Mavazi na mkao vimetoka kwenye mchoro wa Belley uliochorwa na Mfaransa Girodet mwaka 1797. Lakini mkononi ana mpira wa miguu! Utamu uko hapo: mwanasoka Mwafrika kule Ulaya hushangiliwa akifunga, akikosa hutukanwa rangi yake. Shujaa na mgeni, mwili mmoja. Tafadhali msiniletee "picha kali" na emoji za moto. Ikuzeni kwenye simu, mtazame macho yake kwanza. Saa kumi jioni, palepale.