Wahifadhi wa vyura wanahitaji kikao cha kila mwezi mtandaoni

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe hoja ambayo huenda ikawachekesha baadhi ya wasomaji, kwa kuwa chura hajawahi kupewa heshima ya tembo wala ya faru katika nchi zetu. Hoja yenyewe ni kwamba watu wanaojishughulisha na uhifadhi wa vyura na amfibia wengine katika Afrika Mashariki, wawe watafiti, waongoza watalii, walinzi wa misitu, walimu, wanafunzi au wakulima wanaolima kando ya misitu, wanapaswa kuwa na kikao cha kudumu kinachofanyika kwa njia ya mtandao, kwa Kiswahili, siku ileile na saa ileile kila mwezi. Sizungumzii kongamano lenye mabango na fulana, ambalo likishakwisha washiriki hawaonani tena mpaka mfadhili mwingine apatikane. Nazungumzia kikao cha kawaida ambacho mtu akikikosa mwezi huu anajua kwamba atakikuta mwezi ujao.

Hali ya dunia inajulikana. Tathmini ya kimataifa iliyochapishwa mwaka 2023, iliyohusisha spishi zaidi ya 8,000 za amfibia, ilionyesha kwamba takribani mbili katika kila tano zimo hatarini kutoweka, kiwango kinachozidi kile cha ndege na cha mamalia. Kwetu sisi jambo hili lina uzito wa pekee kwa sababu ya Milima ya Tao la Mashariki, inayoanzia Taita nchini Kenya, ikapita Pare, Usambara, Nguru, Ukaguru na Uluguru, hadi Udzungwa. Kila mlima una msitu uliotengana na wa jirani yake kwa muda mrefu sana, na kila msitu una vyura wake ambao hawapatikani penginepo popote. Chura wa Ukaguru hajui habari za Uluguru, na kwa bahati mbaya watu wanaowafahamu vyura hao nao wametengana vivyo hivyo.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni chura wa Kihansi, na naomba wasomaji wanivumilie nikiueleza kwa kirefu, kwa sababu wengi wetu tuliusikia kama kichekesho cha vyura waliopelekwa Marekani kwa ndege, tukaishia hapo. Chura huyu mdogo wa rangi ya dhahabu, ambaye hata akikomaa hafikii urefu wa sentimita tatu na ambaye hazai mayai bali huzaa watoto walio hai, aligunduliwa na wanasayansi mwaka 1996 katika korongo la mto Kihansi, Udzungwa, wakati mradi wa umeme wa megawati 180 ulikuwa tayari umeanza. Makazi yake yote duniani yalikuwa eneo la hekta chache tu lililoloweshwa mchana na usiku na manyunyu ya maporomoko. Mwaka 2000 sehemu kubwa ya maji ya mto, takribani asilimia 90, ilipoelekezwa kwenye mitambo, manyunyu yalikatika. Mwishoni mwa mwaka huohuo vyura 499 walichukuliwa na kupelekwa katika bustani za wanyama za Marekani, na korongoni ikawekwa mitambo ya kunyunyizia maji ili kuiga yale maporomoko.

Kwa muda ilionekana kwamba mambo yanatengemaa. Kisha mwaka 2003, katika kipindi cha miezi michache tu, vyura waliokuwa wakihesabika kwa maelfu wakatoweka karibu wote. Kuvu ya kitridi, ambayo hushambulia ngozi ya amfibia na ambayo imeangamiza spishi nyingi katika mabara mengine, ilikutwa korongoni. Wapo pia wanaohusisha maafa hayo na maji yaliyofunguliwa kutoka bwawani yakiwa na tope na huenda mabaki ya viuatilifu vya mashambani. Mwaka 2009 chura wa Kihansi alitangazwa kuwa ametoweka porini. Aliendelea kuishi kwa sababu tu wale wa bustani za Bronx na Toledo walikuwa wamezaliana. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa katika maabara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wa kwanza wakaachiwa tena korongoni.

Jambo linalonishughulisha katika historia hii ni kasi yake. Maafa ya mwaka 2003 yalichukua miezi, ilhali sisi hukutana mara moja kwa mwaka, tena tukibahatika. Mlinzi wa msitu akiona leo vyura waliokufa kandokando ya kijito, atamwambia nani? Atatoa taarifa kwa mkubwa wake, ambaye huenda ni mtaalamu wa miti, na taarifa hiyo itapanda ngazi kwa ngazi hadi ifike kwa mtu anayeijua kuvu ya kitridi, ikiwa itafika. Kukiwa na kikao cha kila mwezi, mlinzi huyo atakuwa tayari anamfahamu mtaalamu kwa sauti na kwa jina, na hatasubiri hata hicho kikao, bali atampigia simu jioni ileile. Hiyo ndiyo faida kubwa ya kukutana mara kwa mara, kwamba watu huzoeana kabla ya shida kutokea.

Ipo pia elimu iliyopatikana kwa gharama kubwa ambayo imebaki mikononi mwa wachache. Wale wanaowatunza vyura wa Kihansi kila siku wanajua namna ya kuwafugia wadudu wa kuwalisha, kiasi cha unyevu wanachohitaji, na dalili za chura anayeanza kuugua. Wageni wanaoingia katika maeneo chepechepe ya Kihansi hutakiwa kusafisha viatu vyao kwa dawa ili wasibebe kuvu, utaratibu rahisi ambao mwongoza watalii wa msitu wa Amani, huko Usambara, au mwanafunzi anayepanda Uluguru anaweza kuufuata kwa brashi, maji na dawa ya klorini. Mengi ya hayo yameandikwa kwa Kiingereza, katika ripoti ambazo hakuna mtu wa kijijini atakayeziona. Mfanyakazi wa maabara akieleza kwa Kiswahili kwa nusu saa, akaulizwa maswali, atakuwa amewafikia watu ambao ripoti kumi zisingewafikia.

Elimu hiyo isitiririke upande mmoja tu. Huko Taita wanaishi amfibia wasio na miguu, wanaofanana na mnyoo mkubwa na wanaojificha udongoni, na mmoja wao, aliyetambulishwa kisayansi mwaka 2005, anajulikana katika kilima cha Sagalla pekee. Ndugu yake wa Taita alishangaza ulimwengu ilipobainika kwamba watoto wake hula tabaka la nje la ngozi ya mama yao, ambalo mama huliotesha upya likiwa na lishe. Nani huwaona viumbe hawa mara nyingi zaidi kuliko mkulima mwenye jembe? Yeye ndiye anayejua wanaonekana shamba lipi, mwezi gani, na kama wamepungua tangu mikaratusi ilipopandwa. Mtafiti hufika na kuondoka, lakini mkulima yupo mwaka mzima.

Sasa kuhusu namna ya kukiendesha kikao chenyewe. Watakuwapo watakaosema kwamba tuna makundi ya WhatsApp ya kutosha, na sina ubishi nao, ila kundi lisilo na saa wala mada hugeuka haraka kuwa uwanja wa salamu za asubuhi na matangazo ya viwanja. Kikao kiwe na mada moja, mzungumzaji mmoja, muda usiozidi saa moja na nusu, na nusu ya muda huo iachwe kwa maswali. Napendekeza saa tatu usiku kwa saa za Dar es Salaam na Nairobi, ambayo ni saa mbili kwa wenzetu wa Bujumbura, Kigali na Bukavu, kwa kuwa wakati huo kazi za shamba na za ofisi zimekwisha, na vyura wenyewe wamekwisha kuanza kulia. Kwa wale ambao kifurushi cha intaneti ni gharama, kikao kirekodiwe sauti tupu na kutumwa baadaye, kwa sababu sura zetu si za lazima ili jambo lieleweke.

Sauti, kwa hakika, ndiyo inayoufanya uwanja huu ufae kwa mtandao kuliko nyanja nyingine nyingi za uhifadhi. Vyura wengi hutambuliwa kwa mlio kwa urahisi kuliko kwa rangi, ambayo hubadilikabadilika hata ndani ya spishi moja. Huko Australia, jumba la makumbusho la mjini Sydney lilianzisha mwaka 2017 mradi unaoitwa FrogID, ambamo mwananchi hurekodi mlio kwa simu yake na wataalamu wakamwambia ni chura gani, na kwa njia hiyo wamepata ramani ya vyura wa nchi nzima ambayo watafiti peke yao wasingeweza kuichora. Nasi tunaweza kuanza na kitu kidogo zaidi: msimu wa masika au wa vuli, mshiriki mmoja aende kando ya bwawa la kwao na simu, wengine wote wasikilize moja kwa moja, na mwenye ujuzi aeleze yupi analia wapi. Tahadhari moja tu. Programu nyingi za mikutano zimewekewa uwezo wa kuchuja kelele, na kwa programu hizo chura ni kelele tupu, sawa na katika ile methali yetu ya ng'ombe na maji. Kwa hiyo mpangilio huo uzimwe mapema, la sivyo tutasikiliza kimya.

(Nao wapo vyura wasiolia. Mwaka 2023 alitambulishwa kutoka Ukaguru chura mdogo, Hyperolius ukaguruensis, ambaye dume lake halitoi mlio kama vyura wengine. Watafiti walimpata mwaka 2019 walipokuwa wakimtafuta chura mwingine kabisa. Huyo tutamhitaji kwa picha.)

Jambo moja linahitaji ukali. Mahali halisi anapopatikana chura adimu pasitajwe katika kikao kilicho wazi kwa kila mtu. Mwaka 2016 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje, lakini wapo watu ughaibuni walio tayari kulipa fedha nyingi kwa ajili ya chura mwenye rangi nzuri, na hekta mbili za makazi zinaweza kukombwa usiku mmoja. Picha zionyeshwe, mlima utajwe, basi. Vipimo vya mahali vibaki kwa wenye vibali vya utafiti na kwa mamlaka husika, na msimamizi wa kikao awe na moyo wa kumkatiza hata profesa akisahau.

Sipendekezi kuanzishwa kwa chama chenye katiba, mwenyekiti wa kudumu na posho za vikao. Tumeona mengi yakifia hapo, katika mabishano ya nani atie saini benki. Inatosha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo hapa Morogoro na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, ambako vyura wamekuwa wakichunguzwa kwa miaka mingi, wakubaliane kupokezana uenyeji, kila mmoja miezi minne kwa mwaka. Mwenyeji hana gharama zaidi ya kiungo cha mkutano, mtu wa kuongoza maswali na mtu wa kuandika dondoo za ukurasa mmoja. Walimu wa baiolojia kama mimi tutawaleta wanafunzi, ambao ndio wenye simu zilizo tayari kurekodi na masikio yasiyochoka.

Kikao cha kwanza kingefaa kimhusu yule chura ambaye watafiti walimfuata Ukaguru mwaka 2019 wakarudi na mwingine. Anaitwa Churamiti maridadi, alitambulishwa mwaka 2002 kutokana na vielelezo vichache mno, na anapatikana katika milima hiyo peke yake. Ndani ya mkoa wetu na mikoa jirani wapo watu wanaokata kuni, wanaorina asali na wanaochunga katika misitu ile, na sidhani kama wengi wao wamewahi kuonyeshwa picha yake na kuulizwa kama wamemwona. Kikao hicho kikifanyika mwezi Februari, kabla masika hayajaanza, kutakuwa na muda wa kuisambaza picha hiyo vijijini, na wa kupokea majibu katika vikao vya Aprili na Mei.

Wako,
Mwalimu wa baiolojia,
Morogoro.