Kuambiwa "bado huna kisukari" sio ruhusa ya kukaa tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nizungumzie kitu ambacho naona kurasa za afya za magazeti yetu zinakiruka. Kisukari kinaandikwa pale figo zimeshakufa, macho hayaoni, mguu umekatwa, na hayo yaandikwe kabisa, ila kuna sisi ambao hatujafika huko, tuko katikati, sukari imeshapanda kuliko kawaida lakini haijafika kiwango cha kuitwa ugonjwa, na sisi tufanyeje hatuambiwi.

Mwaka jana nilipima asubuhi kabla ya kula kitu ikaja 6.4 (kwa kipimo cha mmol/L). Aliyenipa majibu akaangalia karatasi akasema, "Iko juu kidogo ila bado huna kisukari, punguza sukari kwenye chai." Basi, nikawa nimeshatoka nje. Nikaikunja ile karatasi mara nne nikaiweka kwenye waleti, na moyo ukatulia maana nilichosikia mimi ni hilo moja tu, huna kisukari. Ikakaa humo miezi mitano. Kilichonishtua ni kaka yangu mkubwa alipoambiwa sasa anacho, tukawa tunaongea kwenye simu akaniambia mbona hata mimi miaka ile walishaniambia iko juu kidogo. Maneno yale yale! Nilikata simu nikaenda kuitoa ile karatasi.

Hivi vipimo mtu anaweza kuvielewa bila kuwa daktari. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ikifika 7.0 na kipimo cha kurudia kikathibitisha, hicho ni kisukari. Shirika la Afya Duniani linahesabu 6.1 mpaka 6.9 kuwa ndio hatua ya kabla, Wamarekani wao wanaanzia 5.6. Kuna na kile cha HbA1c kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi kama mitatu, Wamarekani wanahesabu asilimia 5.7 mpaka 6.4 kuwa hatua hiyo hiyo. Na mbaya zaidi katika hatua hii mara nyingi hausikii chochote, hakuna kiu, hakuna kukojoa ovyo. Ndani huku mwili unakuwa mgumu kuitikia insulini, yaani ile homoni inayotoa sukari kwenye damu, hasa mafuta yakijaa tumboni na kwenye ini, kongosho linaongeza insulini, linaongeza tena, mwisho linaelemewa. Kwahiyo anayesubiri dalili ndio apime anasubiri gari lililoshapita.

Sasa jambo linaloniuma ni kwamba hapa ndipo mtu ana nafasi kubwa kabisa ya kugeuza mambo. Kuna utafiti mkubwa wa Marekani matokeo yake yalitoka 2002, walichukua watu 3,234 wenye hali hii, waliobadilisha maisha yao hatari ya kupata kisukari ilipungua kwa asilimia 58 katika muda wa kama miaka mitatu, waliopewa dawa ya metformin ilipungua kwa asilimia 31. Yaani kutembea na kula vizuri kuliishinda dawa! Na hawakuambiwa wawe wanariadha, lengo lilikuwa kupunguza asilimia 7 ya uzito na mazoezi ya dakika 150 kwa wiki. Mtu wa kilo 80 hiyo ni kama kilo 5 na nusu tu.

Mimi nilianza na kutembea baada ya chakula cha usiku. Zamani nikimaliza kula nilikuwa nalala kwenye kochi na simu, sasa hivi nikishanawa tu natoka na mke wangu, robo saa, tunaongea ya nyumbani tunarudi. Misuli ikifanya kazi inavuta sukari kutoka kwenye damu hata kama insulini haisikilizwi vizuri, ndio maana saa hiyo baada ya kula ina faida sana. Na hiyo ya kupunguza sukari kwenye chai ni kweli lakini haitoshi hata kidogo, maana wanga uliojaa sahani nao unageuka sukari, na juisi hata ukikamua mwenyewe nyumbani ni sukari iliyoachwa bila nyuzinyuzi zake. Kwangu sasa nusu ya sahani ni mboga, robo kitu cha protini, robo iliyobaki ndio wanga, na mboga naanza nazo. Wiki mbili za kwanza nililala naona kama sijala, sitadanganya. Usingizi nao uangaliwe, anayelala masaa manne kila siku anajiumiza, na sigara aachane nayo. Na wembamba wasijiaminishe, nao wanaipata hasa kama kwenye ukoo kuna mwenye kisukari.

Naomba gazeti litutengee hata kona ndogo kila wiki kwa ajili ya hatua hii. Na wanaotupa majibu, tafadhali, kabla mtu hajainuka kwenye kiti mwandikieni kwenye ile karatasi tarehe ya kurudi kupima na vitu viwili vya kuanza navyo leo. Mimi hiyo tarehe nilijiandikia mwenyewe kwa kalamu, nikarudi baada ya miezi sita nikakuta 5.7, sijatoka kabisa ila nimeshuka, na kutembea naendelea.

Ni mimi msomaji wenu wa siku zote