Kwa Mwanaidi, kuhusu wageni

Shoga yangu Mwanaidi,

Assalamu alaykum. Wazima nyote? Bi Mkubwa goti limepoa? Mimi sijambo, alhamdulillahi. Mafunzo ya mpunga huku Kambodia yanaendelea, na mji mkuu wao, Phnom Penh, nimeshauzoea. Ujumbe wako umekaa sana bila jibu, niwie radhi, sikuwa na la kukwambia. Sasa ninalo.

Yule bwana wa utalii anayetaka kuwaletea wageni nusu siku wawaone mnavyosuka ukili, usimkatae, ila usimpe neno bado. Jumamosi nimekwenda safari ya namna hiyohiyo. Tulivuka mto Mekong kwa pantoni hadi kisiwa cha Koh Dach, wanakofuma hariri, tukazungushwa kwa bajaji, adhuhuri tukarudi.

Nyumba zao zimesimama juu ya nguzo ndefu, na vitanda vya kufumia viko chini yake kivulini, kuku wanapita, watoto wanacheza. Nyumba ya kwanza tulioneshwa viwavi kwenye nyungo, wakila majani ya mforosadi. Hariri ya asili ya Kambodia ni ya manjano tangu kwenye kifuko, Mwanaidi, inang'aa kama dhahabu. Vifuko hutiwa maji ya moto kabla nondo hajatoka, maana akitoboa mwenyewe uzi unakatika. Kifuko kimoja kina uzi wa mita 300 hivi, na mama mmoja anauvuta kwa mkono pamoja na nyuzi za vifuko vingine, huku anazungumza na jirani.

Lakini kilichonishika ni kazi wanayoiita hol. Kabla ya kufuma, nyuzi zitakazokingama zinafungwa vifundo vidogo vidogo, zinachovywa rangi, zinafunguliwa, zinafungwa pengine, zinachovywa tena. Ua lote limo ndani ya uzi kabla kitambaa hakijakuwepo! Nguo moja inaweza kula wiki kwa wiki. Nilikaa na bibi mmoja anayefunga vile vifundo, hatuna lugha moja, akanishika kidole akanionesha pa kukaza. Nilitamani nishinde pale, ila muongozaji anaangalia saa.

Sasa sikiliza. Wageni walioletwa moja kwa moja dukani walikuwa wakivuta bei chini hata nikaona haya. Sisi tuliopitia kwa yule bibi, hakuna aliyeomba kupunguziwa. Kwa hiyo mkikubali, wageni waanzie kwenye kukata ukindu, kuuanika na kuutia rangi, mkeka uwe wa mwisho. Wakae, washike, mikono iwawashe kidogo. Kupita dakika tano na kupiga picha msikubali, na picha ziombwe. Niliona mtu akimwekea dada mmoja simu usoni, yule dada akainamisha kichwa akaendelea kufuma. Nimeudhika hadi leo.

La pili ni fedha, na hili ndilo ninalokuandikia hasa. Nilimuuliza muongozaji katika nilicholipa mfumaji anapata nini. Anapata akiuza, akasema. Asipouza? Basi. Yaani mwanamke anaacha kazi yake aeleze na ajibu maswali, jioni hana kitu, na aliyefanya safari iwe safari ni yeye. Mwanaidi, kikundi kilipwe kwa kila ziara, mauzo yahesabiwe mbali, na iandikwe. Bila hilo, mwache aende.

Na mseme kweli. Nilimuuliza muuzaji mmoja uzi unatoka wapi, akajibu bila kuficha kuwa mwingi unanunuliwa Vietnam na China, wao wanaofuga viwavi ni wachache. Khmer Rouge, wale wakomunisti wakatili, walipotawala nchi, 1975 hadi 1979, ufugaji na ufumaji karibu ufe, na wengi waliokuwa mabingwa hawakubaki hai. Waliobaki ndio waliowafundisha hawa. Nilinunua kwake kwa moyo mweupe. Nanyi rangi mnanunua dukani, mgeni akiuliza aambiwe hivyohivyo.

Nimekuchukulia kitambaa cha rangi ya zambarau, sikuambii zaidi. Hiyo habari ya fedha nimeirudia tu kwa sababu nakujua, ukiona mgeni mlangoni unatoa hata chai ya watoto.

Haya niambie: huyo bwana ametaja kiasi gani, na kwa nani, kwako au kwa kikundi? Bi Asha anasemaje? Wageni wangapi kwa safari moja, na watakaa wapi mvua ikinyesha? Wale wasichana wa Salma bado wanakuja kujifunza ukili, au wamekimbilia hotelini? Ukihitaji nikuandikie makubaliano nikupelekee kwa simu, utayapata kabla hujaonana naye?

Nisalimie wote, hasa Bi Mkubwa.

Wako,
Zuhura