Doa chini ya gari

Ilala, Jumapili usiku

Mwanangu,

Picha uliyonitumia, ya hilo gari lako jipya linalovuja oili tangu ile sevisi ya Alhamisi pale kampuni ya magari, nimeikuza mpaka simu ikaganda. Doa nimeliona. Na lile tone linaloning'inia kwenye ukingo wa bamba la chini ya injini nimeliona pia, limeshika mwanga wa tochi yako. Baba yako alivaa miwani, akatazama, akasema, "Si waliambiwa wamwage oili? Wamemwaga," kisha akarudi kwenye taarifa ya habari. Huyo usimhesabu. Mimi usingizi umekataa, ndiyo maana naandika. Mchana kwenye simu wewe ulikuwa umefura na mimi nilikuwa nimefura, na watu wawili waliofura hawaelekezani dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, ilipo.

La haraka kwanza. Kesho gari hilo usiliwashe. Nenda kazini kwa daladala, kwa bodaboda, kwa lifti ya yule jirani yako mwenye maneno mengi, vyovyote. Na safari ya Singida ya Ijumaa uiweke kando mpaka tujue oili inatokea wapi. Kutoka hapo Dodoma mpaka Singida ni zaidi ya kilomita 200, na injini iliyokauka oili haifiki hata sehemu ndogo ya hizo. Ile taa nyekundu yenye picha ya birika kwenye deshibodi usidhani inakuonya kwamba oili inaelekea kupungua. Ikiwaka, maana yake presha imeshaanguka. Unaweka gari pembeni, unazima palepale. Huangalii kama kuna kituo cha mafuta mbele. Nimeuza injini za mtumba miaka mingi, na sehemu kubwa ya walionunua walianza maelezo yao hivi: "Taa iliwaka, mama, ila nilikuwa nimeshakaribia kufika."

Asubuhi gari likiwa bado la baridi, na liko pahali tambarare, fungua boneti uvute dipstiki. Ifute kwa kitambaa cha pamba, irudishe mpaka mwisho, ivute tena ndipo usome. Kuna alama mbili. Kwa magari mengi, kati ya alama ya juu na ya chini ni kama lita moja hivi. Wao walijaza Alhamisi, kwa hiyo ilitakiwa iwe karibu na alama ya juu. Ukiikuta chini, basi hesabu unayo mkononi. Piga picha dipstiki, piga na kilomita kwenye deshibodi. Halafu tandika kadibodi kubwa chini ya injini, ya boksi la friji kama lile la jirani bado lipo, uweke jiwe juu yake upepo wa Dodoma usiipeleke Chamwino. Kadibodi itakuonyesha tone linaangukia upande gani, mbele au nyuma, kushoto au kulia. Ila uwe makini: oili hutambaa. Inaweza kutoka juu kwenye filta, ikafuata bamba, ikadondokea nusu mita mbali na ilikotoka.

Sasa lile neno ulilojibiwa pale mapokezi: "Hayo ni mabaki tu ya sevisi, dada, yatakauka."

Siyo kila mara ni uongo, nikueleze ukweli. Filta ikifunguliwa inamwaga oili kidogo, ikamwagikia mikono ya fundi, ikaingia kwenye bamba, na fundi asipofuta itadondoka siku moja au mbili. Dawa yake ni rahisi: unafuta pakavu, unawasha injini dakika chache, unaangalia tena. Pakibaki pakavu, ni mabaki. Palipolowa tena, panavuja. Kijana yule hakufuta wala hakuinama. Na alipokuambia "unaona ilivyo nyeusi, hiyo ni ile ya zamani," hapo ndipo niliponyanyuka kwenye kiti. Oili ya dizeli haichukui mwezi kuwa nyeusi. Ukishatembea nayo kidogo tu imeshachukua masizi yaliyobaki ndani ya injini. Weusi haukuambii umri wake. Mtu anayekaa mapokezi ya kampuni inayouza magari ya dizeli ama hajui hilo, ama anajua na anatumaini wewe hujui.

Maneno yake nayafahamu vizuri, mwanangu. Nimewahi kuyasema mimi.

Ilikuwa 1998, mvua za El Nino zimekwisha na barabara bado hazijapona. Duka langu la vipuri pale mtaa wa Gerezani lilikuwa na miaka mitatu. Alikuja bwana mmoja wa Canter, anabeba mchele kutoka Ifakara, anataka filta ya oili. Namba aliyotaka sikuwa nayo. Nikampa nyingine, nikamwambia zinaingiliana. Na kweli uzi wake wa kuzungushia uliingia vizuri, fundi wa jirani akaikaza, akaweka oili, gari likawashwa. Jioni wakati nafunga mlango akarudi: "Mama, inadondosha." Nilikuwa na funguo mkononi, nawe ulikuwa nyumbani na homa. Nikamjibu kutoka pale mlangoni: "Hayo ni mabaki, yatakauka njiani." Canter ilikuwa imeegeshwa hatua kumi tu. Sikwenda kuinama.

Baada ya siku mbili alirudi kwa basi. Alikuwa na filta ndani ya mfuko wa rambo. Akaiweka kaunta, juu ya daftari langu la madeni, oili ikaanza kutambaa kwenye karatasi. Raba ya filta ile ilikuwa nyembamba kidogo kuliko kikalio chake kwenye injini. Nusu imekaa, nusu inaelea. Injini ikiwa sailensa, inanguruma tu bila kukanyagwa mafuta, presha ni ndogo, raba inavumilia. Akakanyaga mafuta baada ya Chalinze, presha ikapanda, raba ikachomoka. Alipofika Mdaula injini imeshakufa. Hakupiga kelele. Aliniuliza neno moja tu: "Uliangalia?"

Baba yako alinishauri nikatae, kwamba filta imeshafunguliwa na hana ushahidi. Sikuweza. Nilimtafutia injini ya mtumba na nikailipa mwenyewe, kidogo kidogo, miezi 14. Ndiyo maana ulianza darasa la kwanza na viatu vya binamu yako, vile vilivyojazwa pamba kwenye vidole. Nilikuambia namba yako imeisha dukani. Haikuwa imeisha. Daftari lile ninalo mpaka leo, kurasa za katikati zimekuwa angavu kwa oili, ukiinua unaona maandishi ya upande wa pili.

Turudi kwenye gari lako. Gari ambalo halikuwa likivuja Jumatano, limefanyiwa sevisi Alhamisi, Ijumaa linavuja: huanzi kutafuta oili sili wala gaskiti ya juu, vizibo ambavyo sevisi haivigusi. Unaanza pale mkono ulipopita mwisho. Mkono wa fundi wa sevisi unapita pahali patatu: kifuniko cha juu cha kujazia, filta, na nati ya kumwagia chini ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Kifuniko utakikagua mwenyewe kesho, ni kukizungusha tu uone kama kimekaa. Viwili vilivyobaki ni kazi yao.

Kwenye filta, kosa maarufu ni raba mbili. Filta ya zamani inatoka, raba yake inabaki imeng'ang'ania kwenye injini, fundi mwenye haraka haioni, anafunga mpya juu yake. Raba juu ya raba haikai. Inaweza kutulia siku kadhaa ikikudanganya kwa matone, siku ukienda mwendo mrefu inateleza na oili yote inatoka kwa dakika chache. Hiyo ndiyo sababu nimekukataza Singida. Au hakuipaka raba oili kabla ya kufunga, ikajikunja. Au hakuikaza ipasavyo: filta hizi za kuzungusha, raba ikishagusa kikalio, unaongeza kama robo tatu ya mzunguko kwa mkono, na maboksi mengi yamechorwa hivyo pembeni.

Kwenye nati ya sampu, itazame washa, ile pete nyembamba inayokaa kati ya nati na sampu. Pale dukani nilikuwa na kopo la Blue Band limejaa washa za shaba na za alumini, kitu cha bei ya andazi, watu walikuwa wananicheka navyozihesabu. Washa hiyo imetengenezwa laini makusudi. Ukikaza nati, inapondeka na kuchukua sura ya nati ile na sampu ile, inaziba kila mkwaruzo. Imeshapondeka mara moja, mara ya pili haina tena cha kupondeka. Mafundi wengi huirudishia, na mara nyingi inapona. Isipopona, fundi anaongeza nguvu. Sampu ikiwa ya alumini, uzi unachunika, na hapo kosa la washa moja limekuwa kosa la sampu nzima.

Kesho saa mbili kamili wapigie. Usiseme "naomba mnisaidie kuangalia." Waambie gari linavuja oili tangu mlipolifanyia sevisi, haliendesheki, leteni brekidauni. Gharama ya kulivuta ni yao. Wakikuambia uliendeshe taratibu mpaka kwao, waambie wakuandikie hayo kwa ujumbe, utawasikia wakibadilisha lugha. Na yule fundi wa pale mtaani kwako asiliguse. Huenda ana mkono mzuri kuliko wao wote, sibishani, lakini akishaweka spana yake tu watasema kavuruga yeye, na dhamana ya gari jipya utaanza kuitetea badala ya kuidai.

Gari likifika, lipandishwe ukiwa umesimama pale. Watakuambia wateja hawaruhusiwi karakana, sijui usalama, sijui bima. Mwambie meneja wa karakana utavaa kofia yao ya plastiki. Filta ikishuka, omba kuiona: ina raba, na kikalio cha injini ni kitupu? Nati ikitoka, washa ni mpya au imechoka? Wakikuta uzi umechunika, usikubali silikoni, ile gundi ya kuzibia. Silikoni inaziba leo, kesho vipande vyake vinaingia kwenye chujio la oili ndani ya sampu, injini inakosa oili huku sampu imejaa. Uzi uliochunika unatengenezwa kwa kuwekewa uzi mpya wa chuma, au sampu inabadilishwa. Wala usikubali "tumekaza tu na tumeongeza kidogo" bila kukuonyesha walichokikuta. Kwenye karatasi yao ya kazi iandikwe: oili imevuja baada ya sevisi, tarehe, kilomita, chanzo, kilichobadilishwa. Waoshe na mabaki yote chini, maana oili ikikaa kwenye raba za kushikia injini inazilainisha mpaka zinaoza, na ikidondokea ekzosi utasikia harufu mpaka ndani.

Wakikuzungusha, kuna Tume ya Ushindani, FCC, iliyotokana na sheria ya mwaka 2003, ambayo pia inamlinda mlaji. Barua moja yenye picha zako na nakala ya risiti. Sidhani kama mtafika huko. Kampuni nyingi hukaza shingo kwa anayelalamika kwa mdomo, ukitoa karatasi wanakuletea maji ya kunywa.

Fundi aliyefunga usimfokee, nakuomba. Pengine alikuwa na magari manane siku ile na mkuu wake anamwita. Kusahau washa ni jambo la binadamu. Hasira zangu zote ziko pale mapokezi kwa aliyekujibu bila kuinuka. Ila hata huyo, ukimkuta, muulize tu kama aliangalia.

Yule bwana wa Canter aliendelea kununua kwangu mpaka nilipofunga duka. Kila alipokuja aliifungua filta palepale kaunta, akapitisha kidole kwenye raba, akailinganisha na ya zamani aliyokuja nayo, ndipo akatoa hela. Foleni nyuma yake ilikuwa inanuna. Mimi nilimsubiri.

Picha ya dipstiki na ya kadibodi nizione kabla hujanywa chai.

Mama yako

Nimesahau: doa kwenye vitofali vya mwenye nyumba usilimwagie maji, utalitandaza. Mwagia mchanga au unga wa mbao, uache usiku kucha unyonye, ufagie, kisha sabuni ya unga na brashi ngumu. Mchanga huo uutie kwenye mfuko, usiutupe pale kwenye mchicha wake.