Kuhusu lile gari lenye kamera

Rotterdam, 14 Novemba

Mpendwa Zuhura,

Salamu sana, na shikamoo yangu imfikie bibi. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza nikiwa kwenye tramu, nikaumia. Umepaki Kariakoo dakika ishirini tu, unarudi vioo vya pembeni vyote viwili vimeng'olewa, nyaya zinaning'inia! Na kituo cha polisi umeambulia RB tu, ile namba ya taarifa. Pole mno, shoga yangu.

Sasa unaniuliza kama ukope ununue lile gari lenye kamera zake lenyewe, zinazorekodi hata gari likiwa limezimwa. Kwa wizi, zinasaidia. Mtu akilisogelea linaamka na kumchukua kila upande. Tena kibaka akijua anarekodiwa, mara nyingi huhamia gari la pili.

Ila ngoja nikusimulie. Jirani yangu hapa ana gari la umeme lenye kamera kama hizo, hulilaza chini ya dirisha la jiko langu. Usiku mmoja natoka kazini, upepo umenivua ushungi. Nikainama kwenye kioo cha gari lake nijitengeneze, pini nimezibana kwa meno, nywele wazi. Taa zikapepesa. Kesho yake jirani, bila ubaya wowote, akanionyesha kwenye simu: mimi huyo, kichwa wazi, mdomo umejaa pini. Akaifuta mbele yangu, na tunasalimiana mpaka leo. Lakini Zuhura, usiku ule sikulala. Nilikuwa najiuliza ni mara ngapi nimepita pale na nani mwingine ameniona.

Baada ya hapo nikaanza kusoma. Mwaka 2023 shirika la habari la Reuters liliripoti kwamba kati ya 2019 na 2022 wafanyakazi wa Tesla, kampuni ya magari ya umeme, walikuwa wakitumiana wao kwa wao video zilizonaswa na kamera za magari ya wateja, mojawapo ya mwanamume aliyekuwa uchi. Mwaka huohuo mamlaka ya Uholanzi ya kulinda taarifa binafsi ilitangaza kwamba baada ya kuichunguza kampuni hiyo, ilibadilisha mambo: ulinzi wa kamera huja umezimwa mpaka mwenyewe auwashe, taa zinampa ishara mpita njia, na picha zinabaki ndani ya gari. Na kumbuka hili: kwa maelezo ya mamlaka hiyo, anayebeba dhamana ya picha hizo kisheria ni mwenye gari. Na sisi Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, kwa hiyo usidhani ni mambo ya Wazungu tu.

Kwa hiyo usikope kwa ajili ya vioo. Nunua vingine, na kabla hujaondoka kwa fundi achonge namba ya gari kwenye vioo vyote na taa. Ukitaka kamera, funga ile ndogo ya kwenye kioo cha mbele inayohifadhi kwenye kadi yake, kadi unayoweza kuichomoa na kuishika mkononi.

Na ukifika nyumbani, izime. Pale unapopaki ndipo uani, Zuhura. Ndipo mnaposukana nywele jioni na kanga mmejifunga kifuani, ndipo mtoto wa dada yako anapoogeshwa kwenye beseni. Waulize kwanza wenzako wa nyumba hiyo wanasemaje, kisha uniandikie.

Wako,
Mwanaisha