Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchukuzi: wito wa kiti cha dereva ambao haukunifikia

Mheshimiwa Waziri,

YAH: MAGARI YENYE VITI VYA DEREVA VIBOVU YALIYOITWA NA VIWANDA YARUDISHWE KUREKEBISHWA NA BADO YAKO BARABARANI

Nakuandikia nikiwa mmiliki wa tatu wa gari dogo ambalo kiti chake cha dereva kiliniachia nikipandisha mlima.

Ilikuwa asubuhi. Mbele yangu kulikuwa na lori lililosheheni, nikakanyaga klachi nirudi gia ya pili. Nikasikia mlio mmoja mkavu chini yangu, kiti kizima kikateleza nyuma hadi mwisho wa reli inayokibeba. Mguu uliokuwa kwenye klachi ukaning'inia. Breki sikuifikia. Mikono ilikuwa bado imeng'ang'ania usukani, na mwili ulivyovutwa nyuma ndivyo usukani nao ulivyokwenda upande. Gari likazimika, likaanza kurudi kinyumenyume kuelekea magari yaliyotufuata. Kilichotuokoa ni breki ya mkono. Binti yangu wa miaka tisa alikuwa ameketi nyuma yangu, na kiti kilimbana magoti mpaka akalia. Hakuvunjika, namshukuru Mungu. Lakini tangu siku hiyo hakubali kukaa nyuma ya dereva, awe nani.

Fundi wa kwanza alisema ni uchafu tu, akaisafisha reli na kupaka grisi. Baada ya wiki mbili kiti kikaachia tena, safari hii gari likiwa limeegeshwa. Fundi wa pili akashauri tukichomelee moja kwa moja. Simlaumu, ndiyo dawa ambayo watu wengi wanaijua. Ila chini ya kiti cha gari la kisasa si mahali pa kuchomelea. Mara nyingi hapo hupita nyaya za mfuko wa hewa wa ubavuni, ule unaofumuka gari likigongwa, na katika magari mengi kishikio cha mkanda kimefungwa kwenye fremu ya kiti chenyewe. Kiti kikihama, mkanda nao umehama.

Nilikataa, nikaenda kutafuta mwenyewe. Niliingiza namba ya chesisi, zile tarakimu na herufi 17, kwenye mtandao wa kiwanda kilicholitengeneza gari. Jibu likaja papo hapo: gari hili liliitwa miaka kadhaa kabla sijalinunua, kwa sababu komeo la reli ya kiti cha dereva halikamati sawasawa. Marekebisho ni kubadilisha reli, bila malipo. Barua ilikwisha kutumwa, lakini kwa mmiliki wa kwanza, mtu ambaye sijawahi kumwona. Aliyeniuzia mimi aliapa kwamba hakujua, na ninamwamini. Nilipokwenda kwa wakala wa kiwanda hicho nikaambiwa gari halikuuzwa kwao, niwasiliane na kiwanda.

Mheshimiwa, hapo ndipo penye jambo langu lote. Wito wa kiwanda unamfuata mtu, na ubovu unalifuata gari. Gari linapouzwa mara ya pili na ya tatu, wito unabaki kwenye droo ya mtu ambaye hana tena sababu ya kuufungua.

Huenda wapo watakaosema kiti si breki. Nawaomba wafikirie kiti kinafanya nini hasa. Kila kinga nyingine ndani ya gari, yaani mkanda, mfuko wa hewa, hata umbali wa mguu na pedali, imepimwa kwa kudhani kwamba dereva amebaki mahali pake. Ndiyo maana Kanuni ya 17 ya Umoja wa Mataifa inataka kiti pamoja na makomeo yake kistahimili mshtuko wa mara 20 ya nguvu ya mvutano wa dunia kwa milisekunde 30. Gari likigongwa kwa nyuma, egemeo la mgongo ndilo linaloubeba mwili wa dereva. Likivunjika au kulala ghafla, dereva huteleza kinyumenyume, kichwa kikitangulia, kutoka chini ya mkanda na kumwangukia aliyeketi nyuma yake, ambaye mara nyingi ni mtoto, kwa kuwa ni sisi wazazi tunaoambiwa tuwaketishe watoto nyuma.

Wala si balaa la kiwanda kimoja. Mwaka 2019 Ford iliita baadhi ya magari yake, yakiwemo F-150 na Explorer, kwa sababu utaratibu wa kulaza egemeo ulikosa jino la tatu linalosaidia kulishika. Mwaka 2014 Toyota ilisimamisha kwa muda uuzaji wa baadhi ya magari yake nchini Marekani kwa kuwa kitambaa cha viti vyenye kipasha joto hakikutimiza kiwango cha kuzuia moto. Kiwanda kinachotangaza kosa lake kimefanya kilichopasa, nami sina ugomvi nacho. Ugomvi wangu ni kwamba tangazo linaishia njiani na hakuna mkono wa serikali unaolipokea.

Nchi nyingine zimeunyoosha mkono huo. Japani, tangu Mei 2018, ilianza kuyanyima cheti cha ukaguzi magari yenye mifuko ya hewa hatari ya kampuni ya Takata ambayo haijabadilishwa. Ujerumani, mamlaka inayotunza rejista ya magari husaidia barua imfikie mmiliki wa sasa, na gari ambalo mwenyewe amepuuza wito wenye hatari kubwa linaweza kuzuiwa kutembea. Australia, mwaka 2018, iliufanya wito wa Takata kuwa wa lazima kisheria, na majimbo yakafuta usajili wa magari yaliyokaidi. Hata Marekani, yenye sheria ya usalama wa magari tangu 1966, imeacha pengo hili hili: gari jipya haliruhusiwi kuuzwa likiwa na wito usiotekelezwa, na tangu 2016 kampuni kubwa za kukodisha magari zimekatazwa kuyakodisha, lakini sheria ya shirikisho haimzuii muuzaji kuuza gari lililotumika bila kulirekebisha.

Ninachokuomba hakihitaji maabara. Rejista ya magari unayo wewe. Viwanda vina orodha ya namba za chesisi za magari waliyoyaita. Agiza orodha hizo ziletwe kwako na kulinganishwa na rejista, kisha barua iende kwa jina lililoko kwenye kadi ya gari leo. Na siku gari linapobadilishwa umiliki, au linaposajiliwa kwa mara ya kwanza likitoka nchi nyingine, karani aingize namba hiyo kabla ya kugonga muhuri. Kama kuna wito, mnunuzi aambiwe kwa maandishi. Kama wito unahusu kiti, breki, usukani au mfuko wa hewa, muhuri usubiri.

Wakala naye aagizwe kupokea gari lolote lenye wito wa kampuni anayoiwakilisha, bila kuuliza liliuzwa wapi. Hili nalitilia mkazo, maana hapa ndipo nilipozungushwa zaidi. Nilikuwa na uthibitisho wa kiwanda mkononi na bado nilirudishwa mlangoni mara tatu.

Nitaambiwa vipuri hukosekana. Ni kweli, vinaweza kuchukua miezi. Basi mwenye gari aambiwe hivyo waziwazi, na aambiwe afanye nini kwa muda huo. Nitaambiwa pia kwamba wapo wanaopata barua na kuitupa. Nao wapo. Ndiyo sababu naomba jambo hili liingie kwenye ukaguzi wa kila gari, kwa sababu kiti chaweza kukaguliwa kwa dakika moja. Mkaguzi akae, asukume kwa miguu na mgongo bila kuinua mkono wa komeo. Atikise kushoto na kulia. Alegeze, asogeze kiti, aachie, asikilize kama kimekamata pande zote mbili za reli, maana komeo la upande mmoja linaweza kudanganya mpaka siku ya mlima. Kisha alisukume egemeo kwa nguvu. Nimeshuhudia ukaguzi wa magari mara nyingi maishani. Taa zinatazamwa, magurudumu yanatazamwa, lakini sijawahi kumwona mtu akikigusa kiti.

Gari langu lilifungwa reli mpya mwezi uliopita, baada ya miezi saba ya kuandikiana na kiwanda. Komeo la zamani niliomba nikabidhiwe, nikakabidhiwa. Jino la komeo limelika upande mmoja, linaonekana kwa macho bila kifaa chochote. Nitalileta ofisini kwako siku yoyote utakayonipangia, ulishike mwenyewe, na nitakuja na nakala ya ile barua ya wito yenye jina la mtu mwingine.

Wako mtiifu,

Mmiliki wa tatu